Mwanafunzi wa Kumi

Muuguzi hakuja.

Mama Mikono alitazama saa ya ukutani, akatazama mlango, akarudi kwenye saa. Ubao umefutwa, chaki mpya iko mezani, madawati yote matupu. Saa kumi na robo. Basi mwanafunzi huyu wa tisa naye kaota mabawa.

Kanisani kwao viziwi walikaa safu mbili za mbele, upande wa dirishani, watu kumi na wanne. Kwa miaka kumi na mmoja mtu pekee aliyewatafsiria mahubiri kwa ishara alikuwa yeye. Kazi hiyo alijifundisha mwenyewe mbele ya kioo, kwa kijitabu cha picha alichoachiwa na mgeni mmoja, mpaka vidole vikawa vyepesi. Ibada ya kwanza, ibada ya pili, harusi, mazishi, kote alikuwa yeye. Jina alilopewa na wazazi wake watu walikwisha kulisahau. Mumewe alimtania kuwa hata usingizini anahubiri: "Jana umenizaba kofi la 'Amina', mke wangu."

Mabega yalipoanza kumuuma, mchungaji alimwita. "Mama, huduma ya mtu mmoja huzikwa na mtu mmoja. Kiongozi hapimwi kwa anayoyafanya, hupimwa kwa anaowaandaa. Andaa wengine."

Akaandaa. Karani wa posta alidumu wiki sita. Mshonaji, wiki nne. Mapacha wa kwaya waliacha siku moja, kama walivyozaliwa siku moja. Wengine wanne wakafuata, na wote waliaga kwa maneno yaleyale: "Mama, nimebanwa kidogo." Ukimuuliza mtu amebanwa na nini, anashika njia.

Yeye aliijua sababu. Sababu ilikuwa fundi viatu.

Fundi viatu alikuwa kiziwi tangu utotoni, mzee mkavu, kucha zimeganda gundi, na hakukosa darasa hata moja ingawa hakuna aliyemwalika. Alikaa nyuma kabisa. Mwanafunzi akiinua mkono kuonyesha alichofundishwa, fundi anainuka, anamshika vidole, anakunja hiki, ananyoosha kile. Siku nyingine alicheka mpaka machozi. Mama Mikono alimtoa nje mara mbili. Mara ya pili mzee alisimama mlangoni akajieleza, mikono ikienda mbio kama ya mtu anayefukuza nyuki, naye Mama Mikono akawa anaitikia kwa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, ili amalize aende zake.

"Yule mzee ni msumari ndani ya kiatu changu," alimwambia mumewe. "Ananikatishia tamaa watoto wa watu."

Jioni ile, baada ya kumngoja muuguzi bure, alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mchungaji. Hakukaa.

"Tisa, Mchungaji. Tisa! Nalima mimi, napanda mimi, wanavuna kunguru. Watu wa siku hizi hawataki kutumika. Wanataka kuimba na kuonekana."

"Tafuta wa kumi, Mama."

"Wa kumi mtafute wewe. Mimi Jumapili hii ndiyo mwisho."

Mchungaji aliweka kalamu chini. "Viziwi wenyewe umewauliza wanasemaje?"

"Niwaulize nini? Wao ni wa kuhudumiwa."

"Basi usiwaache kwa barua. Waage ana kwa ana. Anza na fundi."

Maneno hayo yalimchoma, lakini alikuwa mtu wa kutii. Kesho yake mchana alishika njia ya nyuma ya soko kuelekea kibanda cha fundi. Njiani alipanga hotuba yake ya kuaga, akaifanyia mazoezi kwa vidole chini ya kanga, akijihurumia hatua kwa hatua. Miaka kumi na mmoja! Na hakuna hata mmoja wa kumpokea mzigo. Atamwambia huyo mzee, kwa upole lakini amwambie, kwamba ameua huduma kwa mikono yake.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani hakukusikika kitu. Akausukuma.

Walikuwemo wanafunzi wake wote tisa. Karani wa posta alikaa juu ya kreti, mshonaji juu ya gunia la ngozi, muuguzi angali na sare ya kazini. Pamoja nao walikuwemo mabibi wawili viziwi wa safu ya mbele kanisani, kila mmoja ameshika mikono ya pacha mmoja, anamwelekeza. Vidole vilikuwa vikiruka huku na huku, vyepesi, vya haraka, na watu wanacheka bila sauti kwa mzaha ambao yeye hakuuona ulikoanzia.

Mmoja mmoja walimwona. Mikono ikashuka.

"Kumbe hapa ndipo mnapobanwa," alisema.

Muuguzi alisimama. "Mama, tusamehe. Tulitaka kukwambia, tukaogopa kukuumiza."

"Mniambie nini? Kwamba mzee huyu kaniibia darasa?"

Fundi aliweka kiatu chini. Akafuta mikono kwenye aproni, akaja akasimama mbele yake, akaanza kusema kwa ishara, polepole, kwa upole, kama mtu anayemsemesha mtoto. Alipomaliza alirudia tena tangu mwanzo.

Mama Mikono alikodoa macho. Hakuambulia hata neno moja.

"Anasema nini?" alimuuliza muuguzi.

Muuguzi akamtafsiria. "Anasema karibu, uketi. Anasema nafasi yako kwenye darasa hili wamekuwekea miaka kumi na mmoja, ila hawakujua wakuambieje ukaelewa."