Aliyekunja Shati

"Huyo ni mkewe," Rumaisa alisema kabla mwalimu hajamaliza kusoma.

Mwalimu Bochaberi aliinua macho kutoka kwenye kitabu cha Kiingereza. Kifungu kilimhusu mwanamke aliyebaki peke yake baada ya maziko, akaketi kitandani kukunja nguo za marehemu. Hakuna palipoandikwa alikuwa nani wake.

"Umejuaje? Huenda ni dada. Huenda ni mama."

"Ananusa kola kwanza, ndipo akunje."

Alilisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Mwalimu akatia alama ya vyema.

Nyumba hii ya Mkomani ilikuwa imezika. Tangu siku ile Rumaisa hakuonekana darasani, na mtihani wa kumaliza kidato cha nne ulikuwa Jumatatu. Alikwisha kupoteza mwaka mzima nyumbani kabla ya kurudi shule. Akiukosa na huu, nani atamrudisha tena? Ndiyo maana mwalimu, mgeni wa muhula mmoja kutoka Kisii, alikuwa akija mwenyewe kila alasiri. Wenzake walimdokeza tu: nyumba ile ina eda, na mjane hatoki.

Bi Swafiya, mama yake Rumaisa, alikuwa ameketi karibu na mlango, leso begani. Alimsogezea mwalimu kikombe cha kahawa kwa vidole vyekundu vya hina.

"Kunywa, mwalimu. Kiingereza hiki chakausha koo, hata mimi nisikilizaye tu."

Mwalimu akacheka, akanywa, akarudi kwenye kifungu.

"Sentensi zake mbona fupi hivi? Akakunja shati. Akakunja suruali. Akafunga sanduku. Mwandishi si angeziunganisha?"

"Aziunganishe na nini?"

"Haya. Na huyu mwanamke anahisi nini? Kitabu kinauliza."

"Hahisi."

"Kila mtu anahisi, Rumaisa."

"Basi andika hajaanza."

Msichana alikuwa akitazama ukuta, macho makavu, hayana hata wanja. Kalamu ilikuwa mkononi mwake kama kitu alichopewa amshikie mtu.

Mwalimu akafunga kitabu, akamgeukia mama.

"Bi Swafiya, darasani kwangu hakuna wa kumfikia huyu. Jumatatu nitakuja kumchukua mwenyewe na kumrudisha mwenyewe. Hatapita popote."

"Hatoki."

"Msiba wenu nauheshimu, wallahi nauheshimu. Lakini eda ni yako, Bi, si ya mtoto. Usimfungie ndani kwa ajili ya huzuni yako."

Bi Swafiya aliweka birika chini taratibu. Akamtazama yule mgeni kitambo, bila hasira yoyote.

"Mume wangu yuko Ras Kitau, mwalimu, apaka mashua rangi," alisema. "Mwenye eda ni huyo umsomeshao."