Mlango wa Sebule

Hamisi fundi aliupima mlango wa sebule kwa futi kamba, akatikisa kichwa.

"Huu hautoshi, kaka Rupert. Tubomoe, tuupanue."

"Panua," Rupert alijibu. Alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji, mgongo ukutani.

Barazani, Bibi Theodosia, mama yake Rupert, alikuwa akimenya viazi. Kisu kikasimama mkononi.

Alikuwa na kisa na mlango ule. Siku ya kumzika mumewe jeneza lilikwama pale pale, wanaume wakalilaza ubavu ndipo likatoka, na watu wote walisikia marehemu akibiringika ndani. Aibu ile haikumtoka. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyelalamika kwamba mlango ni mwembamba. Walio hai wanapita vizuri tu.

Leo unapanuliwa. Kwa ajili ya nani?

Mwezi uliopita Rupert alimpeleka hospitali kupima presha. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze chumvi. Kisha Rupert akamwacha kwenye benchi, akaingia kwa daktari peke yake, akakaa humo mpaka mama mtu akasinzia. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Daktari amesemaje?"

"Hamna kitu, mama. Punguza chumvi."

Chumvi! Mtoto uliyemzaa mwenyewe anakudanganya mchana kweupe.

Tangu hapo nyumba haikutulia. Wajukuu walifunga shule wakakuta vumbi, plasta na ndoo za rangi kila kona. Choo kipya kikajengwa uani, chenye milango miwili. Migomba ikakatwa, Rupert akasema ni ili watoto wapate pa kuchezea. Na Krismasi hii wanawe wote wanakuja: Lidwina kutoka Mbinga, Yohanes kutoka Dar, yule ambaye hata kumpata kwenye simu ni bahati nasibu.

Nani hajui maana ya hayo? Mtaa mzima wa Matogoro unajua. Nyumba ikipakwa rangi haraka haraka na mgonjwa yumo ndani, majirani huanza kupunguza sauti wakipita.

Theodosia aliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Kesho yake asubuhi alibeba jembe akapalilia mahindi kwenye manyunyu, makusudi, mwanawe amwone. Rupert alimwona. Hakuinuka kumpokea jembe. Siku hizi hainuki kwa lolote. Kazi yake kunyoosha kidole tu, hiki hapa, kile pale, shati linampwaya, na chakula anakirudisha kama kilivyo.

Hatia inamla, Theodosia aliwaza. Na imle.

Noela, mkwewe, ndiye aliyekuwa hawezi kabisa kumtazama usoni. Rupert alimzungusha nyumba nzima, akamwonyesha koki ya kufungia maji ilipo na namna ya kuzima umeme mvua ya radi ikija. Noela alikuwa akiitikia huku akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mama Ida, ni rangi hiyo inakuwasha?" Theodosia alimuuliza.

"Ndiyo, mama. Rangi."

Mchana wa kuamkia Krismasi, Theodosia alimvuta Ida jikoni. Mtoto wa chekechea hajui kutunza siri.

"Ida, baba anasema nini kuhusu bibi?"

"Amesema nisikwambie."

"Mimi si bibi yako?"

Ida aligeuka kutazama mlangoni, akanong'ona. "Amesema tule Krismasi kwanza, tufurahi wote. Halafu ndiyo uambiwe. Mama anasema utalia sana."

Theodosia alijikaza kisabuni, akaenda sebuleni. Frem mpya ilikuwa imeshasimama, pana, ya mninga, na Hamisi alikuwa akijaribu bawaba. Bibi akajiweka katikati ya mlango, akanyoosha mikono huku na huku. Haikugusa mbao.

"Hamisi, lete futi yako unipime. Nipime nikiwa hai, msije mkakosea."

"Mama yangu, mimi fundi tu..."

"Pima!"

"Mama," Rupert aliita kutoka kwenye kochi.

"Nyamaza! Ulipougua homa ukiwa mdogo nilikubeba mgongoni kutoka Lusewa mpaka hospitali. Kila niliyekutana naye njiani alisema huyu hafiki. Nikafika na wewe mzima. Mimi sikukukatia tamaa, Rupert. Wewe unanipanulia mlango, unangoja tule pilau tu!"

Hamisi aliweka nyundo chini taratibu, akamshika mkono Ida aliyekuwa amemfuata bibi yake, wakatoka uani. Noela alibaki ameegemea ukuta, rangi mbichi ikimshika nguoni, na hakujali.

Rupert alijaribu kuinuka. Akashindwa, akapapasa kochi pembeni yake. Theodosia alikwenda kukaa.

"Wewe ni mzima, mama. Presha kidogo tu, na chumvi. Kile chumba cha nyuma tulichopaka bluu ni chako. Nimekitobolea mlango wa kwenda kwa watoto, uwasikie wakilia usiku. Umsaidie Noela."

"Na huu mlango wa sebule?"

Rupert aliushika mkono wa mama yake.

"Huo ni wangu, mama."