Jicho la Mzee Malimi

Damu ilianza kumwagika kwenye dume la tatu.

Mpaka hapo mnada wa Usagara ulikuwa kicheko kitupu. Nestory, kijana wa kampuni moja ya Nyamagana, alikuwa amekuja na simu inayompiga ng'ombe picha na kutaja kilo zake papo hapo. Wachinjaji wakamwambia hapa kilo anazitaja Mzee Malimi, kwa jicho tu, mwaka wa thelathini sasa, na akishataja hakuna anayebisha. Basi ikaazimwa mizani, mashindano yakapangwa.

"Shikamoo, mzee," Nestory aliamkia.

"Marahaba. Sema upesi, jua linawaka."

Malimi alisimama wima, mikono juu ya fimbo yake. Hellen, binti yake, alikuwa begani pake kama kila siku ya mnada, akiingiza rangi na alama za kila ng'ombe kwenye simu. Kila mshindani alimnong'oneza Jonathan, dalali, naye akatangaza.

Dume la kwanza, wote wawili walisema mia mbili tisini. Mizani ikakubali. La pili, mia mbili sitini na nne. Mizani ikakubali. Watu wakapiga miluzi.

La tatu lilikuwa jeusi, lenye nundu. Wote walisema mia tatu kumi na mbili. Mizani ikasema mia tatu arobaini na moja.

Nestory akacheka, bila ubaya wowote.

"Mzee, mimi na wewe hata kukosea tunakosea pamoja!"

Fimbo ilimshukia begani. Ya pili iliifuata sauti ya kilio chake, ikampasua mdomo. Alianguka akitema meno.

"Unanitukana mnadani kwangu?" Malimi alinguruma.

"Leo wamekuja na kilo, kesho watakuja na udalali!" Jonathan akapaza sauti.

Hayo yalitosha. Wachinjaji wakamvamia kwa mabuti. Nestory alijikunja, akasikia mbavu zikilia ndani yake. Mtu akaukanyaga mkono wake wa kushoto mpaka ukavunjika kama kuni kavu. Malimi alipiga magoti katikati ya miguu ya watu, akapapasa vumbi lililolowa damu hadi akaipata ile simu, akaiponda kwa jiwe, akaiponda tena. Kisha akamgeukia Nestory na jiwe lile lile.

"Baba, basi! Utamuua!" Hellen alimning'inia mkononi, akilia kwa sauti.

Ndipo watu wakatawanyika.

Katika zahanati, nesi Paskazia alimshona Nestory mdomo, akamfunga mkono kwenye ubao, akamwazima simu yake. Nestory akampigia bosi wake, dada Favour.

"Nakwenda polisi sasa hivi," Favour alisema aliposikia yote. "Huyo mzee atalala ndani."

"Hapana, dada. Mwache." Kila neno lilimtoka na damu. "Ingekuwa mimi naporwa kazi ya miaka thelathini, labda ningepiga hivyo hivyo. Yule mzee ana jicho, dada. Nimeliona mwenyewe. Hatutatengeneza mashine ya kulifikia."

"Lakini nani alikutuma Usagara?" Favour aliuliza. "Mimi nilisema Misungwi mjini. Usagara tayari tuna mteja wa programu hiyo hiyo ya simu, huu mwaka wa pili. Hakosi mnada hata mmoja."

"Mteja gani?"

Akasikia vidole vikigonga kompyuta.

"Hellen Malimi. Fomu yake hii hapa. Palipoulizwa sababu ya kujiunga, ameandika: baba haoni tena."