Sungura wa Nne

Chungu kilikuwa kimeshabandikwa jikoni, na sungura mwenyewe bado anatafuna karoti.

"Doa lisipowaka leo, analiwa," Mjomba alisema huku akijidunga kidole. "Sifugi wavivu mimi."

Watatu walikwisha kuliwa. Mpwa wake, msichana wa kulisha sungura na kuosha chupa, alimlilia kila mmoja, ingawa mifupa ya wa pili aliifyonza. Lakini huyu wa nne, Bi Mkubwa, alikuwa shoga yake hasa.

Kazi ya maabara ile ilikuwa moja. Sungura anachomwa sindano yenye kimeng'enya cha binadamu, kile kinachovunja sumu mwilini. Damu yake inatengeneza kingamwili ya kukitambua. Tone la damu ya mtu linakaushwa kwenye karatasi, linamwagiwa kingamwili, kisha dawa ya rangi. Kingamwili ikiwa nzima, doa linageuka buluu. Ikiwa mbovu, patupu.

"Kwani lazima damu yako kila siku, Mjomba?"

"Ulitaka ya nani? Ya jogoo?"

Simu ikalia, akatoka kwenda kubishana na mkewe. Msichana akainua karatasi yenye tone la Mjomba aiweke kwenye trei. Ikamponyoka, ikatumbukia sinkini. Akachukua nyingine, akajidunga, akaweka tone lake, akaiweka kwenye trei kana kwamba ndiyo ile ile.

Doa likawaka buluu ya kukata na shoka.

Mjomba alicheza katikati ya chupa kiuno kikimkatika. Akambusu Bi Mkubwa puani, akaamuru chungu kiepuliwe, akampigia simu mnunuzi wa kingamwili.

Mnunuzi, mama mmoja mnene mwenye miwani, alipofika, Mjomba alijidunga mbele yake kwa madaha. Wakasubiri. Karatasi ikabaki nyeupe pepepe.

"Labda imeona haya," mnunuzi akasema.

Msichana uzalendo ukamshinda. "Nisamehe, Mjomba. Ile ya asubuhi ilikuwa damu yangu. Yako niliiangusha sinkini."

"Tapeli wee! Umeniumbua mbele ya mgeni! Chungu kirudi mekoni!"

"Nifukuze mimi, Mjomba, ila yeye muache," msichana akasema, kamkumbatia Bi Mkubwa kifuani.

"Toka hapa! Watatu nimewala kwa ubovu huu huu, huyu ana nini cha zaidi?"

Mnunuzi akasogea mezani. Alivuta karatasi mpya, akajidunga kidole, akamwita na dereva wake aliyekuwa anasinzia garini, naye akadungwa akipiga kelele kama mtoto. Wakasubiri tena. Madoa mawili, buluu tupu.

"Hao watatu uliowala," mnunuzi akauliza, "uliwapimia damu ya nani?"

"Yangu! Yangu mwenyewe, kila mara!"

Mnunuzi akavua miwani, akaifuta taratibu kwa upindo wa gauni.

"Pole, bwana. Karibu nusu ya watu huzaliwa bila kimeng'enya hiki. Umekula sungura watatu wazima. Mwenye upungufu ni wewe."