Rangi Bado Mbichi

Kiilu alimrushia ndege kiatu. Kilimkosa, kikagonga ukuta wa ploti, na Kavinya wa kibanda cha mboga akaangua kicheko.

"Baba Kamene! Siku hizi hata ndege hawaruhusiwi kupita Umoja?"

"Wapite tu. Wasininyee gari."

"Gari au mke wa pili?"

Kiilu alichovya kitambaa laini katika maji baridi, akaifuta boneti polepole, mkono mwepesi kama wa mtu anayemwosha mtoto mchanga. Shiundu, fundi wa rangi kule Industrial Area, alikuwa amemwonya. Rangi mbichi haitaki sabuni ya unga. Haitaki waksi. Usiifunike turubai, na mavi ya ndege yakikaukia juu yake, yanaila.

"Iache ipumue mwezi mzima," alisema Shiundu. "Ikishakomaa, hata mimi mwenyewe sitajua niligusa wapi."

Hilo ndilo Kiilu alilokuwa akiliombea. Asijue mtu.

Siku alipolipeleka gari, Shiundu alichutama mbele yake, akapapasa chini kabisa ya bampa, pale palipopasuka. Taa zilikuwa nzima. Boneti haikuwa na mkwaruzo.

"Uligonga nini, buda?"

"Mbwa."

"Mbwa amelala barabarani hivyo?" Shiundu alicheka. "Basi hata mbwa wamechoka na hii nchi."

Kiilu naye alicheka. Akaagiza ufa uzibwe na uso wote wa gari upigwe rangi, kiraka kisije kikamsema.

Hakuwa mbwa. Alikuwa Mumo, mtoto wa Nthambi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Alfajiri ile Kiilu alikuwa akipeleka mikate madukani, ukungu umetanda barabara ya Outer Ring. Alisikia kishindo, kisha kitu kizito kikikwaruza chini. Alishuka, akaiona ile sweta ya kijani, akauona uso. Mumo aliyekuwa akimsukumia gari kila betri ikizima. Mumo aliyemwita anko, ingawa hawakuwa na damu moja.

Alirudi garini, akaondoka.

Ni rahisi kumhukumu, kama hukuzaliwa Eastlands. Kiilu alikuwa na kaka, Mutie, ambaye zamani aliokota maiti kando ya mto akaenda kutoa habari, raia mwema kabisa. Polisi walimshika yeye. Alitoka akikohoa damu, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuulizwa. Mambo hayo hayako kwenye kitabu chochote cha shule. Yako vichwani mwa watu, na watu hawasahau. Ndiyo maana huku mnyonge hapigi ripoti. Anapiga rangi.

Lakini kila alipoliosha gari, ile sweta ilirudi. Mumo bado alikuwa mochari. Kila jioni watu walikusanyika kwa Nthambi kwa matanga, na Kiilu alikaa benchi la nyuma, akiimba nyimbo bila sauti. Juzi Nthambi alimletea chai kwa mkono wake mwenyewe. "Kunywa, baba, umekonda," alimwambia. Kiilu alikwenda kuitapika nyuma ya choo.

Sasa Nthambi alikuwa akiingia getini, leso mabegani, vumbi la safari miguuni.

"Hujambo, Baba Kamene."

"Sijambo, Mama Mumo. Umetoka wapi asubuhi yote hii?"

"Mochari. Nilikuwa na daktari." Alisimama kando ya gari. "Nina ombi. Wewe ni dereva, unajuana na madereva. Wakubwa wa polisi wamefunga maneno. Wanasema Mumo aligongwa akivuka, basi. Kama kuku. Niulizie wenzako nani alipita pale alfajiri ile."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kitambaa. Kiilu alimwona bintiye Kamene mlangoni akifunga kamba za viatu vya shule. Angeweza kusema, "Nitauliza." Neno moja tu, mama wa watu angeenda zake, na rangi ingekomaa.

"Hakuna haja ya kuuliza," alisema, na sauti haikuwa yake. "Ni mimi."

Kisu cha Kavinya kilisimama katikati ya sukuma wiki.

"Ni wewe nini?" aliuliza Nthambi.

"Mimi ndiye niliyemgonga Mumo. Nikamwacha pale. Nisamehe, au usinisamehe. Ita watu."

Aliinamisha kichwa. Alingoja kofi, alingoja ukemi, alingoja mawe, maana hiyo ndiyo mahakama pekee ambayo mtaa huu umewahi kuiona ikimaliza kesi.

Nthambi aliishika mikono yake yote miwili, mibichi kwa maji, akaikaza.

"Ni wewe? Mungu wangu, asante. Usitetemeke, baba. Hukumuua. Leo daktari amenionyesha tundu la risasi mgongoni mwake. Walimpiga, wale polisi wa gari lisilo na namba, wakamlaza barabarani amekwisha kufa, ili agongwe na mtu kama wewe. Wao wameapa alikuwa amesimama, anavuka, na kwamba tundu ni la chuma cha gari. Daktari anasema alama ya chini ya gari lililompita ndiyo tu inayoweza kuonyesha kwamba alikuwa amelala."

Alipiga magoti mbele ya gari. Akakipitisha kiganja kwenye bampa, huku, kisha kule, kisha tena.

"Nionyeshe alama, Baba Kamene," alisema. "Iko wapi?"