Mwenye Kukataa Sindano

Kwa siku tisa mzee Ézéchiel alimbembeleza mkewe akubali kujaribiwa dawa mpya ya saratani, bila kutamka neno saratani hata mara moja.

Ndiyo desturi ya kwao: ugonjwa mbaya huambiwa jamaa, mgonjwa akafichwa. Mwezi uliopita, malaria ilipomlaza Ézéchiel, yeye na mkewe Eugénie walipimwa damu pamoja. Majibu yaliletwa na binti yao Joyeuse, muuguzi. Alimvuta baba yake pembeni, macho mekundu, akamnong'oneza kwamba damu ya mama imeingiwa na saratani, na kwamba asimwambie.

Ézéchiel alilia peke yake nyuma ya nyumba yao ya Kyeshero. Alimpenda sana mwanamke yule. Yeye mwenyewe hospitali hakuitaka. Ugonjwa wake wa ngiri aliubeba miaka kumi, akidai kwamba yeye si ng'ombe wa kujaribiwa sindano. Lakini mke ni mke. Uchungu ulimkondesha hadi mkanda wake ukatobolewa matundu mengine mawili.

Basi akageuka mhubiri. Alimweleza Eugénie kuwa ni dawa ya kuongeza damu, kwamba ingali inajaribiwa, na kwamba mtu anaweza kuiacha siku yoyote. Eugénie alichambua maharagwe yake, akiuliza tu kama kweli mtu mwenye akili angekubali jambo hilo.

"Mama Joyeuse," Ézéchiel alisema siku ya tisa, "wakati sindano mupya ya ngombe ilifika Masisi, wenye kukatala walibakia na ngozi tu. Mutu wa kukatala dawa hapendi watoto wake."

"Umesema wewe mwenyewe," Eugénie akajibu. "Twende."

Hospitalini daktari alimwuliza Ézéchiel maswali yote, naye akajibu kama inavyompasa mume: ndiyo, tumeelewa, ndiyo, tunajua inajaribiwa, hapana, hakuna aliyetulazimisha. Joyeuse alisimama mlangoni akitazama viatu vyake.

Karatasi ikasogezwa kwa Eugénie. Akasaini bila kusoma. Ézéchiel akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Daktari akaigeuza karatasi upande wa Ézéchiel, akampa kalamu.

"Shahidi amesaini, muzee," alisema. "Sasa mugonjwa."