Kiitikio cha Arusi ya Tausi

Maduka ya sidii yalishafungwa zamani, na sasa kila mtu ana kipuli sikioni kinachomtungia nyimbo zake peke yake, zenye jina lake ndani. Bi Saumu hakutaka kusikia habari hiyo. Binti yake Tausi alikuwa anaolewa kesho yake, na nyumba nzima ingeimba wimbo mmoja, wapende wasipende.

"Vueni vipuli!" aliwaamuru wanawake waliojaa sebuleni. Akaitoa sidii aliyoificha kabatini miaka thelathini, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa pindo la kanga, akaitia kwenye redio yake kuukuu.

Kwenye kiitikio cha kumsifu bibi arusi akapaza sauti, akajikuta anaitikia peke yake. Hao wengine hawakujua hata pa kuingilia. Sidii ikakwama, akaipiga redio kofi, akaurudisha wimbo mwanzo.

"Tena!"

Mara ya nne, sauti mbili tatu zikamfuata. Mara ya saba wakaitikia wote, na machozi yakamlengalenga.

Ndipo Tausi akamshika bega, uso umemsawajika.

"Mama," alinong'ona, "huyu anayeimbwa ni nani? Mbona hawanitaji mimi?"